Fumbo la kutafuta maneno lenye mada ya alama za muziki: nimekwama kwenye herufi 23

Sauti ya Pili, Mtwara Mjini

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaomba msaada wa namna ya kufikiri, wala siombi majibu, kwa hiyo mwenye kuyafahamu maneno yenyewe ninamsihi asiyaandike hapa mpaka nitakaposema nimeshindwa.

Kila alfajiri, kabla sijatoka kwenda kazini, hufungua kwenye simu fumbo la kutafuta maneno ya Kiingereza ambalo hutolewa jipya kila siku likiwa na mada moja. Ubao wake una herufi 48, sita kwa upana na nane kwa urefu. Mchezaji huburuta kidole kutoka herufi moja hadi jirani yake, juu, chini, pembeni au kwa mshazari, na neno linaruhusiwa kupinda katikati ya safari. Herufi zote 48 ni lazima zitumike na kila moja ina neno moja tu. Kuna pia neno kuu, ambalo huitaja mada yenyewe na kuvuka ubao kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili. Ukipata neno halali lililo nje ya mada, unahesabiwa, na yakifika matatu unapewa dokezo.

Mada ya leo ni alama za muziki ulioandikwa. Nilipoitambua nilifurahi sana, kwa sababu nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia kwa miaka 11 na nota ninazisoma mwenyewe bila kusubiri kuimbiwa. Neno kuu, SHEETMUSIC, nililipata mapema, kisha nikapata REST, NATURAL na CLEF. Baada ya hapo sikusogea tena. Fumbo linaonyesha kwamba maneno yote ni tisa, kwa hiyo yamebaki matano, na herufi zilizobaki ni 23: A nne, E tatu, M tatu, F mbili, L mbili, S mbili, T mbili, R mbili, na G, B na U moja moja.

Nilitafuta ALTO na TENOR, nikagundua kwamba O na N hazimo kabisa. Nikaona FLAT imekaa vizuri upande wa kulia, nikaiburuta kwa uhakika wote, fumbo likaihesabu kuwa neno la kawaida lisilo la mada. Jambo hili ndilo lililonikosesha raha mchana kutwa. Iwapo NATURAL imekubaliwa, FLAT inakataliwa kwa sababu gani, ilhali zote mbili ni alama zinazokaa mbele ya nota na kuibadilisha? Je, tatizo ni Kiingereza changu, au kuna jambo kuhusu nota nisilolijua?

Mpiga Kinanda, Ndanda

Dada wa sauti ya pili, pole kwa mchana huo. Kiingereza chako hakina kosa na nota unazijua. Ila nota unazozijua wewe, ambazo ndizo tulizolelewa nazo karibu sote tulioimba katika kwaya za huku kusini, haziandikwi kwa alama ambazo fumbo hili linazitafuta.

Chukua karatasi yoyote ya wimbo wenu wa Jumapili. Juu pameandikwa Doh ni F au G, chini yake kuna herufi d, r, m, f, s, l, t, na kati ya herufi hizo kuna nukta pacha, nukta moja, vistari na mistari ya kusimama. Ukiona «d :r | m :- », unaimba do pigo moja, re pigo moja, kisha mi unaishikilia mapigo mawili, kwa sababu kile kistari kinasema endelea. Urefu wa sauti umeandikwa katika nafasi iliyo kati ya herufi. Herufi yenyewe haibadiliki sura: d ya nusu pigo na d ya mapigo manne ni d ileile.

Mfumo huo, ambao tunauita solfa, ulienezwa na John Curwen, mchungaji Mwingereza aliyeishi kuanzia 1816 hadi 1880. Aliujenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, akitaka mtu wa kawaida aweze kuimba kwa kusoma bila kupita kwanza katika shule ndefu ya nota zinazoandikwa kwenye mistari mitano. Wamisionari wakaubeba, na ninausifu kwa moyo wote, maana bila huo kwaya zetu zisingeimba sauti nne kama zinavyoimba. Lakini mtu aliyekua nao huzoea kuiona nota kama herufi, na fumbo lako linamtaka aione kama mchoro.

Sasa fungua kitabu chochote cha kinanda, utazame nota moja yenye urefu wa nusu pigo. Usiulize inaitwaje. Iangalie kama unavyoangalia mti uliosimama peke yake shambani. Kuna kichwa cheusi cha mviringo kilichokaa kwenye mstari au kati ya mistari. Kutoka kichwani kunatoka kijiti kinachopanda juu au kushuka chini. Kwenye ncha ya kijiti kuna kitu kimejikunja kama kitambaa kinachopeperushwa na upepo. Nota mbili za namna hiyo zikikaa pamoja, vile vitambaa huondolewa, na badala yake vijiti vyote viwili huunganishwa juu kwa mti mmoja mnene wa kulala, kama boriti inavyokaa juu ya nguzo. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina jina lake, na kwa Kiingereza majina hayo ni maneno ya nyumbani kabisa, ambayo mtoto anayajua kabla ya kusikia habari za muziki.

Hapo utaelewa pia habari ya FLAT. Mtunzi wa fumbo hakuahidi kuziweka alama zote za muziki. Ameahidi tu kwamba kila alichokiweka kinahusu mada. FLAT ingefaa, lakini hakuichagua, na zile F, L na A ulizozipita zina mwenyewe mwingine. Sitasema zaidi.

Kwa yale mawili yasiyo ya sura ya nota, nitakuuliza maswali. Katika karatasi zenu, silabi moja ikiimbwa kwa nota mbili tofauti, mnaonyeshwa kwa alama gani? Kwenye solfa mara nyingi ni mstari unaopita chini ya herufi, ila kwenye mistari mitano ni upinde, na upinde huo una jina fupi. La pili ni ile alama ambayo mwalimu wenu akiifikia, mkono wake husimama hewani, nanyi mnashikilia sauti huku mkimtazama usoni mpaka atakapokata. Jina lake si la Kiingereza, limetoka Kiitalia.

Karani Mstaafu, Lindi

Mwanangu, mimi muziki sikuusoma, na kwaya sijaimba, kwa kuwa utoto wangu ulikuwa wa madrasa na kasida. Hata hivyo mafumbo ya mtindo huu ninayafanya kila siku tangu nilipoijua Strands, fumbo la gazeti la The New York Times lililoanza kwa majaribio Machi 2024, na nimezoea kulikamilisha hata mada inaponipita kando. Nitakueleza ninavyofanya kwa kuziangalia herufi tu.

Jambo la kwanza ni hesabu. Umebakiwa na maneno matano na herufi 23. Katika mafumbo haya neno halipungui herufi nne, na tano mara nne ni 20. Zimezidi herufi tatu tu. Kwa hiyo ama kuna neno moja la herufi saba na mengine manne ya herufi nne nne, au kuna la sita na la tano, au kuna matatu ya herufi tano. Hakuna mpangilio mwingine. Ukishalijua hilo huna haja ya kuhangaika na maneno marefu marefu: katika kila mpangilio, yapo angalau mawili ya herufi nne. Mwalimu wa Ndanda amekuambia ni maneno ya nyumbani, nami hesabu yangu inamuunga mkono.

La pili ni ukingo. Katika ubao wa sita kwa nane, herufi nne za kona zina majirani watatu tu kila moja, herufi 20 za ukingoni zina majirani watano, na 24 za katikati zina majirani wanane. Mgeni huanzia katikati kwa sababu macho hutua hapo, nako ndiko kwenye njia nyingi za kupotelea. Mimi huanzia konani. Herufi ya kona haina pa kukimbilia, na kila jirani yake anapopakwa rangi, mlango mmoja unafungwa.

La tatu ni herufi zilizo peke yake. Wewe una G moja, B moja na U moja. Ziandike kwenye karatasi, kisha kwa kila moja andika majirani ambao bado hawajapakwa rangi. Bila shaka utaona kwamba G imebakiwa na majirani wachache sana. Rudi sasa kwenye FLAT yako. Ukizichukua F, L, A na T, je, G inabaki na nani wa kushikana naye? Kama haibaki na mtu, basi FLAT haiwezekani hata kabla ya fumbo kukukatalia, kwa sababu hakuna herufi inayoruhusiwa kubaki yatima.

Nakusihi usilitumie dokezo ulilojikusanyia. Si vibaya kulitumia, lakini hapo ulipofika pana utamu ambao hutaupata tena ukishaonyeshwa.

Sauti ya Pili, Mtwara Mjini

Shikamoo mzee wangu wa Lindi, na asante sana mwalimu wa Ndanda.

Nimefanya kama mlivyoelekeza, kwa karatasi na kalamu. G iko kwenye ukingo wa kulia. Kati ya majirani zake watano, watatu wamekwisha kupakwa rangi, wamebaki A na L. Na hao wawili ndio niliowapita nilipoandika FLAT! Nilishika kichwa. Nikarudia safari ileile ya F, L, A, na badala ya kupanda kwenye T nikashuka kwenye G. FLAG. Kile kitambaa kinachopepea kwenye ncha ya kijiti.

Baada ya hapo nikaenda kwenye B, ambayo iko kwenye kona ya chini kushoto. Jirani yake mmoja alikuwa amepakwa rangi, wakabaki E na M. Nikalikumbuka neno la mwalimu kuhusu boriti na nguzo, nikapata BEAM. Kijiti nacho nilikipata muda mfupi baadaye, STEM.

Zimebaki herufi 11: A mbili, R mbili, na E, F, L, M, S, T na U moja moja. Kwa hesabu ya mzee, hayo ni maneno mawili, ama la herufi nne na la herufi saba, au la tano na la sita. Ninajua kwamba moja ni upinde na jingine ni mkono uliosimama hewani, lakini upinde ninaujua kwa jina la TIE tu, na hiyo ina herufi tatu.

Mwalimu wa Kiingereza, Masasi

Dada, nakuomba unipe nafasi ya kuongeza jambo moja la lugha, maana linawasumbua wengi wanaocheza mafumbo yanayotungwa Marekani.

Vitabu vya muziki vilivyotufikia vingi vilifuata Kiingereza cha Uingereza, ambacho nota ya pigo moja hukiita crotchet, ya mapigo mawili minim, ya manne semibreve, na ya nusu pigo quaver. Mmarekani hayatumii majina hayo. Yeye huitaja nota kwa sehemu yake katika nota nzima: whole, half, quarter, eighth. Kile ambacho Mwingereza hukiita stave, Mmarekani hukiita staff, na bar ya Mwingereza kwa Mmarekani ni measure. Kwa hiyo mada ya muziki ikirudi siku nyingine, nawe ukiwa na Q isiyo na mwenyewe, jiulize kwanza fumbo limetungwa wapi, kwa sababu Q hiyo inaweza kuwa ya quaver au ya quarter.

Kuhusu upinde: TIE huunganisha nota mbili za kimo kimoja ili ziwe sauti moja ndefu. Upinde unaounganisha nota za vimo tofauti ni kitu kingine, ingawa kwa macho wanafanana kama pacha. Jina lake katika mazungumzo ya kawaida humaanisha pia kutamka maneno kwa kuyaburuza, kama afanyavyo mtu aliyelewa, hata silabi zisitenganike. Na U yako ya pekee haina sehemu nyingine ya kwenda.

Sauti ya Pili, Mtwara Mjini

SLUR! Nimeipata mara tu niliposoma habari ya kuburuza maneno.

Zile saba za mwisho zilibaki zimejikunja katikati ya ubao: F, E, R, M, A, T, A. Sikuhitaji kutafuta tena, kilichobaki kilikuwa kuzifuata tu. FERMATA. Nimelisema kwa sauti jikoni. Alama hiyo ninaijua vizuri, kwa kuwa iko kwenye karatasi zetu za solfa pia, nusu duara yenye nukta ndani yake, imewekwa juu ya herufi ya mwisho ya ubeti. Mwalimu wetu wa kwaya huionyesha kwa kidole na kusema «hapa nitazameni mimi», na kwa miaka yote hiyo 11 haikunijia hata siku moja kuuliza inaitwaje. Sikulitumia dokezo, mzee wangu.

Mpiga Kinanda, Ndanda

Hongera sana. Kiitalia cha neno hilo kinatokana na kusimama, na ndivyo unavyosimama mkono wa mwalimu wenu.

Maelezo ya mzee wa Lindi yamenifanya nijaribu jambo ambalo sikuwahi kulijaribu, nalo ni kutunga ubao wa namna hii kwa Kiswahili. Nimeutunga mdogo, herufi tano kwa upana na nne kwa urefu. Mada ni Jumapili asubuhi. Kuna maneno manne, na neno kuu linavuka kutoka kushoto hadi kulia.

A T I T O
S U A Y N
K W A I A
M A P G O

Kutunga kwa Kiswahili kumenifundisha kwamba mbinu za Kiingereza hazihamishiki zote. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo ubao hujaa irabu: katika herufi hizi 20, irabu ni 10, na A peke yake ni tano. Mwisho wa neno haukuonyeshi kitu, kwa kuwa karibu kila herufi ya pili inaweza kuwa mwisho. Inakubidi uzishike konsonanti, hasa zile zinazopenda kwenda pamoja kama K na W, ndipo uulize ni A ipi inayozifuata. Nimeweka pia mtego mmoja, nao uko kwenye A.

Karani Mstaafu, Lindi

Nimeanzia konani kama kawaida yangu. M ya chini kushoto imenipa MAPIGO, inayokwenda sawasawa hadi P, ikapanda kwenye I na kushuka kwenye G. S na ile A ya kona ya juu zimenipa SAUTI. Mtego sijauona, ila nimebaki na A moja isiyo na neno, na NOTA haina mwisho.

Sauti ya Pili, Mtwara Mjini

Mzee wangu, nadhani KWAYA umeipitishia kwenye A ya safu ya pili, ile iliyo kati ya U na Y. Inakubalika kwa macho, kwa sababu A hiyo imepakana na W na pia na Y. Lakini T ya NOTA, iliyo safu ya juu, haina A nyingine ya kuifikia isipokuwa hiyohiyo. Ipitishe KWAYA kwenye A ya safu ya tatu, iliyo kati ya W na I, kisha ipande kwenye Y na kushuka kwenye A ya ukingoni. Hapo NOTA inaanzia kwenye N, inapanda kwenye O, inakwenda T, na inamalizikia kwenye A uliyoiacha.

Mwalimu, ninaomba ruhusa ya kuunakili ubao huu kwa chaki Jumamosi kabla ya mazoezi, na kama utapata nafasi, tutungie mwingine wenye UFUNGUO ndani yake, kwa maana nataka kuona U tatu zitakavyotusumbua.

Karani Mstaafu, Lindi

Nimeupata, binti yangu, kwa A hiyohiyo uliyoitaja. Ule wa UFUNGUO nami ninausubiri, na mwalimu akipenda auweke kuwa sita kwa nane.